Huyo Naye Anaanguka?

Juzi nilipigiwa simu kutoka nyumbani Rombo, nikaulizwa kama ile TV ya chogo ya marehemu bibi itupwe au iachwe. Imekufa miaka mingi, imekalia meza tu, na kuku mmoja ameshaanza kuitamani aipande atagie. Nilikuwa kazini, glavu mkononi, na kabla sijajibu niliisikia harufu yake: vumbi linalopata moto. TV ile ukiiwasha ilikuwa inanuka kwanza, kisha inaongea, halafu picha inakuja mwisho kabisa, tena kwa kuringa. Nikasema nitapiga baadaye, nikavua glavu, nikakaa.

Niseme mapema usije ukanishangaa mbele ya safari. Kazi yangu ni ya maabara. Ninaangalia kwa hadubini vitu ambavyo watu wa heshima hawavitaji mezani, na ninaifanya kazi hiyo kwa majivuno. Majivuno hayo sikuyapata chuoni. Niliyapata sebuleni kwa bibi nikiwa na miaka kumi, nimekaa kwenye kigoda, na mwiko mkononi kama fimbo ya mwalimu.

Mwaka huo mama alikuwa amerudi chuoni kusomea ualimu, na baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Nyumba yetu ya Soweto, Moshi mjini, ikafungwa, mimi nikapelekwa kwa bibi mzaa baba, juu ya mji wa Mkuu, kule ambako migomba imesongamana na asubuhi hujui kama ni ukungu au ni moshi wa jikoni. Mimi ndiye mjukuu wake wa kwanza wa kike, kwa hiyo kwa desturi yetu nilipewa jina lake, Genoveva. Hakuniita mjukuu hata siku moja. Aliniita wajina.

Nilipanda kule na hazina moja. Nilikuwa nimesoma English medium mpaka darasa la tatu. Kijijini Kiingereza kilikuwa cha padre na cha mwalimu mkuu, basi, na sasa kikawa na mimi. Na hapo ndipo TV inapoingia, maana baba mkubwa, aliyekuwa na biashara Tarakea, alikuwa amemletea mama yake TV pamoja na dishi, na dishi lile lilikuwa na mambo yake. Chaneli za Kiswahili zilikuwa chenga tupu. Chaneli moja tu ilikuja safi kama maji ya mfereji, nayo ilikuwa ya Kiingereza, na kuanzia saa kumi jioni ilionyesha filamu za magonjwa. Mnyoo anatolewa mguuni mwa mtu, anazungushwa kwenye kijiti polepole kama uzi. Mnyoo anakatiza juu ya jicho na mwenye jicho anaangalia. Miguu iliyovimba kama mashina. Mtoto wa mbali huko mwenye ugonjwa ambao walisema wote wanaougua duniani wanaweza kukaa kwenye basi moja.

Mtu mwingine angezima. Bibi alivuta kiti.

Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wakaanza kuja mmoja mmoja. Walikuja na maharage yao ya kuambua, wanakaa kwenye mkeka, wanaguna, wanafumba macho na kuchungulia katikati ya vidole. Bibi alinipa mwiko niwe naonyesha kwenye kioo. “Wajina, wanasemaje?” Nami natafsiri. Nisilolijua nalitungia, kwa sauti ileile. Nilijiona mimi ndiye mimi. Watu wazima wamenyamaza wananisikiliza, mtu akikohoa wenzake wanamkata jicho.

Lakini bibi alikuwa na swali lake moja, na halikukosa katika filamu yoyote. Mgonjwa akionyeshwa tu, awe wa mguu, awe wa tumbo, bibi anauliza: “Huyo naye anaanguka?”

“Haanguki, bibi. Amevimba mguu.”

“Aha.” Anarudi kwenye maharage yake.

Nilidhani ni utani wa kizee. Nilidhani pia, na nililiandika hata kwenye barua kwa mama, kwamba bibi anapenda sana minyoo.

Katika nyumba ile alikuwepo baba mdogo Kalisti, kitinda mimba wa bibi. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani na kurithi kihamba, ile migomba na kahawa inayoizunguka nyumba ambayo mababu wamezikwa humo. Kalisti alikuwa mrefu, mpole, na ng'ombe walimpenda kuliko walivyotupenda sisi wengine. Kwa kuwa nilikuwa na jina la mama yake, aliniita mama na kuniamkia shikamoo kila asubuhi huku anacheka. Na Kalisti alikuwa anaanguka. Alianguka kwenye kahawa, alianguka zizini, na miaka kadhaa kabla sijafika alianguka jikoni, mkono wa kushoto ukaingia motoni. Kovu lake lilikuwa limekunjamana kuanzia kifundo cha mkono mpaka kiwiko.

Akianguka, watu walirudi nyuma. Walisema ukiguswa na lile povu linakuhamia. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ambapo kata moja ya kunywea huzunguka kutoka mdomo hadi mdomo, Kalisti alikuwa na kata yake peke yake, imefungwa uzi mwekundu, ina msumari wake ukutani. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa anakunywa, anaisuuza, anaitundika mwenyewe.

Aliyekuwa amelimaliza shauri hilo ni mdogo wake marehemu babu, Mzee Apolinari, ambaye sote tulimwita Meku, yaani mzee. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya na ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, kwa hiyo ukimkimbia kanisani unamkuta nyumbani. Alikuwa ameshasema: “Huu si ugonjwa wa hospitali. Ni jambo la ukoo. Na mtu anayeanguka hapewi mke, wala hapewi kihamba.” Bibi alimsikiliza, akamkaribisha mbege, hakumjibu.

Sasa kosa langu. Mwaka huohuo nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katekista alitukaririsha kila Jumamosi namna ya kupokea hostia, ulimi utoke kiasi gani, usitafune, usiichezee kwa meno. Kichwa changu chote kilikuwa hostia. Jioni moja kwenye filamu yule msimuliaji mwenye sauti nzito akaanza: mnyoo huyu hawezi kuishi bila “host”. Mnyoo anaitafuta “host”. Akishaingia ndani ya “host”, anakaa miaka, na kwa nje huoni kitu.

Nilisimama na mwiko wangu. “Bibi,” nikasema, “wanasema mnyoo huyu anakaa ndani ya hostia.”

Maharage yalinyamaza. Mama Kanisia, jirani yetu, akapiga ishara ya msalaba. “Yesu na Maria! Hostia hii hii?”

“Hawakusema ya wapi,” nikajibu. “Wamesema anaingia na huwezi kumwona.”

Jumapili iliyofuata, wakati wa kukomunika, benchi zima la jumuiya yetu halikuinuka. Benchi la nyuma yetu nalo likabaki limekaa, maana habari mbaya haihitaji dishi. Padre akasimama na kikombe chake anatuangalia. Akasubiri. Mwisho akauliza palepale, kwa upole, kama kuna msiba ambao hajaambiwa.

Bibi akasimama. Mwingine angekaa kimya, lakini bibi hakuwa mtu wa kusema pembeni. “Padre, tumesikia kwenye TV kwamba kuna mnyoo ndani ya hostia. Tukasema tukuulize kwanza.”

“Nani amesikia?”

Bibi akanishika bega. Nikasimama, nimevaa gauni la njano.

“Walisema neno gani hasa, mwanangu?”

“Walisema ‘host’, Padre.”

Padre alifunika mdomo. Alijitahidi, sitamnyima haki yake, lakini mabega yakamsaliti, na alipovua miwani kuifuta kanisa zima lilishajua. “Kwa Kiingereza hiyo ni mwenyeji,” alisema. “Mtu aliyepokea mgeni. Mnyoo ni mgeni, na mwenyewe mwenye tumbo ndiye mwenyeji. Njooni mkomunike.”

Watu walicheka mpaka nje. Meku hakucheka. Pale uwanjani, mbele ya wote, alisema mtoto wa mjini ametia mnyoo kwenye Mwili wa Bwana, na kwamba kuanzia siku ile asisikie mtu wa jumuiya yake anakwenda kutazama uchafu ule. Akanipa na jina: Mkalimani wa Minyoo. Watoto wenzangu walilipokea jina hilo kwa mikono miwili. Niliivaa aibu wiki nzima kama sweta. Nilimwambia bibi sitaki tena Kiingereza, sitaki TV, nataka kurudi Soweto.

Bibi alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua kichwa. “Kosa moja haliachi mke,” akasema. “Kesho saa kumi uje na mwiko.”

Basi tukabaki wawili. Sebule ilikuwa imepwaya, mkeka umekunjwa. Nikawa natafsiri kwa sauti ndogo, na kila neno nisilolijua nikawa nasema silijui. Bibi alilipenda hilo, naona sasa. Swali lake likaendelea vilevile. Huyo naye anaanguka? Haanguki, bibi. Ni ngozi. Haanguki, bibi. Ni ini.

Hata siku moja, mvua inanyesha, TV imenuka, imeongea, picha ikaja. Mwanamume mrefu yuko shambani, nchi sijui ipi, ana jembe. Jembe likamtoka. Akaanguka ubavu, mikono imekakamaa, povu mdomoni, na watu waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma. Walirudi nyuma vilevile kama watu wetu, hatua zilezile.

Bibi hakuuliza. Nilimgeukia nikakuta amesimama, ganda la ndizi mkononi, midomo inamcheza. Ndipo nilipoelewa kwamba bibi hakuwa anapenda minyoo. Alikuwa anamtafuta mwanawe. Alikuwa amekaa mbele ya kioo kile miezi yote, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, akingoja siku watakapomwonyesha.

“Anaanguka, bibi,” nikasema.

“Wanasemaje?”

Sijawahi kuogopa maneno kama siku ile. Nilifikiria Meku, nilifikiria kanisa linacheka. “Bibi, labda nitakosea tena.”

“Ukosee. Sema.”

Nikasema polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mfereji kwa kukanyaga mawe. Kuna mnyoo anaitwa tegu. Mtu anampata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Mayai yake yanatoka chooni, na mikono isipooshwa yanaingia kwenye chakula, mtu mwingine anayala. Mnyoo huyu watoto wake huwa wanakaa mwilini mwa nguruwe, ndiye mwenyeji wao. Lakini wakiingia kwa mtu wanapotea njia, wengine wanafika kichwani. Wanakaa humo. Ndiyo maana huyu anaanguka. Na kuna dawa.

“Wanapotea njia,” bibi akasema.

“Ndiyo. Ni kama mgeni amekosea nyumba.”

Alinirudisha mara tatu. Mara ya tatu alikaa chini, akaliangalia lile ganda la ndizi kama hajui limefikaje mkononi mwake.

Jioni ileile alimwita Meku, akamweleza mbele yangu na mbele ya Kalisti kwamba keshokutwa wanateremka hospitali Moshi. Meku alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kwa pua. “Shemeji, utampeleka mgonjwa mjini kwa neno la mtoto huyu? Aliyetufungia benchi zima kanisani?”

“Ndiyo,” bibi akasema. “Kwa neno lake.”

“Na akiwa amekosea?”

“Nitakuwa nimekosea na mjukuu wangu. Wewe umesema miaka kumi na miwili, na mwanangu bado anaanguka.” Akasimama kumsindikiza. “Mwanangu hana laana, Meku. Ana mgeni aliyekosea nyumba.”

Kalisti alikuwa amekaa mlangoni na kovu lake. Asubuhi aliponiamkia shikamoo hakucheka, na mimi nilielewa kwamba shingo yangu ndiyo iliyobeba mzigo. Nikiwa nimekosea, hakuna atakayemsikiliza bibi tena, na Kalisti kihamba amekikosa. Usiku kucha nilikuwa nimesali ili mnyoo awepo. Nilijua ni sala mbaya, lakini niliisali.

Daktari tuliyemkuta Moshi, sisi watatu, alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kutopoteza muda. Alimuuliza bibi maswali, akamuuliza Kalisti, akaangalia lile kovu. Akamtuma kupigwa picha ya kichwa kwenye mashine. Picha iliporudi aliiweka kwenye taa, akatuita tusogee. Katika kile kijivu cha kichwa cha baba yangu mdogo kulikuwa na vidoa vyeupe, kimoja hapa, viwili pale, kama punje za mchele zilizosahaulika kwenye ungo.

“Si kila anayeanguka ana kitu hiki,” daktari akasema. “Yapo mengi yanayoangusha watu. Lakini huyu anacho. Mama, nani alikuambia umlete kwa ajili ya tegu?”

Bibi akanisukuma mbele kwa kiganja mgongoni. Kiganja kile ninakisikia mpaka leo. “Wajina wangu huyu,” akasema. “Anajua Kiingereza cha minyoo.”

Daktari akanipa mkono, kama mtu mzima. Nikamwambia kwa Kiingereza: “The worm, and the host.” Akaitikia kwa kichwa. Bibi hakuelewa neno hata moja, lakini alimwangalia Kalisti, akaniangalia mimi, akaanza kulia bila kujificha. Ndiyo mara pekee nilipomwona analia kwa furaha, na nilijua nimechangia.

Dawa zilikuwa nyingi na nyingine ilikuwa ya kumeza kila siku bila kukosa. Daktari akatueleza pia kwamba povu halimhamii mtu wala kata haina kosa, ila choo, mikono, na nyama isiyoiva. Akataka wote tunaokula chungu kimoja tumeze dawa ya minyoo. Bibi akayapeleka maneno hayo mpaka kwenye jumuiya, akameza za kwake mbele ya wenzake, akafungia nguruwe wake waliokuwa wanazurura, na akachimbisha choo kipya chenye mlango na ndoo ya maji pembeni. Nilikuwa ninatembea naye nyumba kwa nyumba. Watoto waliendelea kuniita Mkalimani wa Minyoo, lakini sasa mama zao ndio waliowatuma kuniita.

Kalisti alianguka mara mbili baada ya kuanza dawa, kisha mara moja, halafu miezi ikapita. Krismasi ikafika, Rombo yote ikarudi nyumbani, barabara zikajaa magari ya Dar. Siku ya pili yake, uani pamejaa ndugu, Meku akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na mkononi ameshika jani la isale.

Kwetu isale ndiyo mimea tunayopanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea jani lake ameinamisha kichwa. Anaomba msamaha, na hukatai. Isale hailetwi kwa mchezo. Meku akamwendea bibi, akamnyooshea.

Bibi akaweka mikono nyuma. “Hukunikosea mimi, Meku. Mwenye neno ni yule.”

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, ninatafuna mfupa. Mzee yule, msemaji wa ukoo, alisimama kidogo, nami nikadhani ataondoka. Kisha akaja. Isale haipewi mtoto, kila mtu pale alilijua hilo, na mtoto hajui hata aipokeeje. Akainama mpaka macho yetu yakalingana. “Genoveva,” akasema, “nilikuita jina baya. Ulikuwa umekosea neno moja, mimi nilikuwa nimekosea mtu.” Nikafuta mikono kwenye gauni, nikaipokea kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa sikujua la kusema nikasema, “Shikamoo, Meku.” Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilinikalia vizuri.

Meku akaketi akaomba mbege. Kalisti akaleta kata mbili. Meku akaichagua ile ya uzi mwekundu, akanywa mpaka katikati, akaipitisha kwa wa jirani. Nayo ikazunguka ua mzima, mdomo hadi mdomo, haikuurudia ule msumari.

Haya yote niliyapitia juzi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha maabara, na wenzangu wakadhani naumwa. Nikachukua simu nikapiga Rombo. Aliyekuwa ameniuliza habari ya TV ni Kalisti mwenyewe. Ndiye mwenye kihamba, ana mke na watoto wanne, na mke anaitaka ile meza aweke friji. Nikamwambia TV isiguswe, nitaifuata mwenyewe, nitaiweka sebuleni kwangu hata kama inanuka tu. Akasema, “Sawa, mama.” Bado ananiita hivyo, mtu mwenye mvi.

Kabla sijakata nikamuuliza lile swali, kama ninavyomuuliza kila nikipiga, maana bibi hayupo wa kuliuliza. “Baba mdogo, unaanguka?”

“Nimeanguka jana.”

“Wapi? Ilikuwaje? Dawa unameza?”

“Nameza. Nilikuwa nimebeba majani ya ng'ombe, pale mferejini pana matope.” Nikasikia anaanza kucheka, na nyuma yake mke na watoto wanacheka. “Niliteleza, mama. Nimeanguka kama watu.”